Kengele za Khaemba

Sajini Geresom Wasike hakuweza kukojoa bila kufungua bomba. Kila asubuhi, katika nyumba yake ya Kimaka, mjini Jinja, aliingia msalani, akafunga komeo, akafungulia maji yamwagike kwenye ndoo, akasimama. Ndoo ilifika nusu kabla mwili wake haujakubali kutoa matone machache, kisha mengine machache, kisha basi. Alitoka kila mara akihisi kwamba ameiacha kazi katikati.

Na alipokuwa akisubiri, alimwona Khaemba.

Hakumwona mzima. Aliona miguu tu, kwa pembe ya jicho, pale ukuta unapokutana na sakafu: miguu miwili ya kijana, imesimama sambamba, imepakwa chachu ya ulezi. Maji yalikuwa yamechora michirizi kwenye chachu hiyo, kutoka mapajani hadi vifundoni. Kengele za chuma zilikuwa zimefungwa juu ya magoti. Hazikulia. Geresom alipogeuka, palikuwa na ukuta na ndoo.

Alikuwa ameiona miguu hiyo tangu utotoni na hakumwambia mtu. Mwanajeshi anayesimamia ghala, mwenye vijana wengi wanaompigia saluti, hawezi kusema kwamba marehemu humtembelea msalani.

Khaemba alikuwa kaka mkubwa wa baba yake. Habari zake zilijulikana na kila mtu nyumbani Busiu, kwenye barabara ya Mbale kwenda Tororo. Siku yake ya imbalu, yaani siku ya kutahiriwa, alisimama uani mbele ya ukoo mzima, kama wanavyosimama vijana wote wa kabila la Bamasaba. Kijana aliye mbele ya ngariba hapepesi macho, halii, hatetemeki. Kisu kilipomgusa Khaemba, mkojo ulimtoka. Watu wakasema ameogopa. Ngariba alimaliza kazi yake, lakini hakuna aliyepuliza firimbi inayomruhusu kijana kusogea, hakuna aliyempa hata kuku, na hakuna baba aliyekubali kumwoza binti. Alikwenda Jinja kutafuta kibarua. Habari za kifo chake zilirudi Busiu, mwili haukurudi.

Tangu hapo, mtoto yeyote wa ukoo aliyelowesha kitanda alisemekana kwamba ametembelewa na Khaemba. Mama yake Geresom, ambaye wajukuu wote humwita Kukhu, alikuwa akichukua kata ya maji, akaimwaga ukingoni mwa migomba na kusema, "Khaemba, chukua kilicho chako, tuachie mtoto." Alimfanyia Geresom hivyo mara nyingi. Haikusaidia. Basi Geresom, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, aliamua kupigana mwenyewe. Alibana mkojo darasani. Alibana shambani. Alibana mpaka maumivu yakageuka ganzi, na ganzi ikageuka mazoea. Mwishowe kitanda kikakauka, na siku yake ya imbalu alisimama kama nguzo. Hakuwa amekunywa hata tone tangu jana yake. Watu walipiga vigelegele. Wajomba walimpa ndama.

Lakini kile alichokifunga siku ile hakikupata kufunguka vizuri tena.

*

Ulikuwa mwaka wa imbalu. Jumapili moja ya mwezi wa Mei, Cliff, mtoto wake wa pekee wa kiume, aliweka kijiko chini.

"Baba, nataka kusimama mwaka huu."

Hakuna anayemlazimisha kijana kutamka neno hilo. Ni lazima alitamke mwenyewe. Geresom alipaswa kufurahi. Badala yake alimtazama mkewe.

Awuor alikuwa Mluo kutoka Kisumu, muuza vitambaa kule Mafubira. Watu wake hawakuwa na mila ya kutahiri. "Kwetu zamani walitung'oa meno tu, tukaenda zetu," alisema. "Ninyi mnataka na kelele juu yake."

"Mama, nitacheza siku tatu! Utakuja na wenzako wa soko, mnipigie makofi."

"Nitakuja na pamba masikioni."

Cliff alicheka. Geresom hakucheka. Shuka la mwanawe lilikuwa limeanikwa asubuhi hiyohiyo nyuma ya nyumba, katikati ya leso mbili kubwa ili majirani wasilione. Mvulana alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kuliko mama yake, na bado, mara kwa mara, alikuwa akiamka amelowa. Mbele ya ukoo, chini ya kisu, ingekuwaje? Jina la Khaemba lilikuwa likimngojea pale uani kama koti lililotundikwa.

Jioni ile alimwita Cliff nyuma ya nyumba na kumfundisha alichokijua.

"Kibofu ni kuruta," alisema. "Kikizoea kutii, kinatii. Kuanzia kesho utakunywa kidogo. Ukihisi haja, usiende. Kaza hapa. Kaza tena. Haja itapita."

"Na kuruta akiasi, Afande?"

"Haasi."

"Wewe ulifanya hivi, Baba?"

"Nilifanya hivi. Uliza mtu yeyote Busiu jinsi nilivyosimama."

Cliff alitii kwa moyo wote, kwa sababu alimpenda baba yake na aliliogopa jina lile. Baada ya wiki chache alianza kuleta taarifa. "Leo sikwenda haja siku nzima shuleni, Baba." Alisema hivyo kwa fahari, midomo ikiwa imekauka. Wakati mmoja alipata homa, na alipokwenda haja alilalamika kwamba anaungua. Awuor alimpeleka duka la dawa, akarudi na vidonge na maswali.

"Huyu mtoto mbona hanywi maji, Baba Cliff?"

"Anajiandaa."

"Anajiandaa kufa?"

Asubuhi iliyofuata, bomba likimwagika, miguu ile ilikuwa karibu zaidi kuliko siku zote. Aliweza kuona chembe za ulezi kwenye ngozi.

*

Mwezi wa Agosti Cliff alitangulia Busiu. Norman, kaka mkubwa wa Geresom, ndiye aliyeisimamia shughuli. Alimzungusha mvulana kwa ndugu na wajomba, ngoma za kadodi zikimfuata, kengele zikilia mapajani. Geresom alipewa ruhusa ya kazi mwishoni tu. Alipanga kufika siku moja kabla ya kisu, akaazima gari la rafiki yake.

Asubuhi ya safari bomba la Kimaka lilikuwa kavu.

Alisimama msalani kwa muda mrefu. Alijaribu kupiga mluzi. Alijaribu kufikiria mvua. Hakuna kilichotoka. Miguu ya Khaemba ilisimama pale pembeni, kimya, imelowa, kana kwamba inamsubiri amalize ili nayo iende.

"Baba Cliff, jua limepanda!" Awuor aliita.

Alifunga suruali, akaendesha gari. Walipofika Iganga tumbo lilikuwa zito. Baada ya Tirinyi kila shimo la barabara lilimtoa jasho. Alisimamisha gari kando ya mpunga, akaingia vichakani, akarudi mikono mitupu. Walipoingia Mbale alikuwa amejikunja juu ya usukani, na chini ya kitovu pameinuka kitu kigumu kama tikiti.

"Nini hicho?" Awuor aliuliza. Aliweka kiganja chake, akakiondoa haraka. "Hatuendi Busiu. Geuza. Pale pana kliniki."

"Nitafika kwanza kwa—"

"Geuza, Geresom!" Hakuwa amemwita kwa jina lake kwa miaka mingi.

Kliniki ilikuwa ya chumba kimoja cha kungojea na viwili vya ndani. Daktari alikuwa mwanamke wa kaskazini aitwaye Aber, mfupi, mwenye haraka. Baba yake alikuwa polisi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kuamuru. Alimgusa Geresom tumboni mara moja tu.

"Lala chali, afande. Nitakuwekea mpira wa kutoa mkojo. Legea."

"Nimelegea."

"Hujalegea. Umekaza mpaka taya. Pumua nje."

Maumivu yalikuwa mafupi. Kisha ikaja nafuu kubwa mno hivi kwamba machozi yalimtoka bila idhini yake. Mkojo ulishuka kwenye mfuko, ukaendelea kushuka. Daktari aliutazama, kisha akavuta mashine ndogo ya picha, akaipitisha tumboni na mbavuni.

"Bomba lilikauka leo," Geresom alisema, kwa sababu alihisi anadaiwa maelezo. "Bila bomba siwezi kuanza."

Awuor, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka. "Miaka yote hii? Mimi nilidhani unapenda tu sauti ya maji. Nalipa bili kwa ajili ya wimbo wako!"

Daktari alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Ulipokuwa mtoto ulikojoa kitandani?"

Geresom aliitazama dari.

"Afande, naulizia ugonjwa. Siulizii aibu."

"Nilikojoa. Nikajifunza kubana."

"Mpaka lini?"

"Sijaacha."

Daktari alikaa kwenye kigoda. Alieleza taratibu, kama mtu anayefungua vifundo. Kibofu ni msuli, alisema, na kina mlango. Kikijaa, msuli hukaza na mlango hulegea. Mtoto hujifunza mpangilio huo polepole. Wengine huchelewa, hasa usingizini, na mara nyingi jambo hilo hutembea katika familia, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Watoto wengi hupona wenyewe na hawapati shida ukubwani. Lakini mtoto anayebana kila siku, mwaka baada ya mwaka, huufundisha mlango kukaza hata pale unapopaswa kulegea. Kibofu husukuma dhidi ya mlango uliofungwa. Hutanuka, huchoka, huacha kutoa taarifa. Mkojo unaobaki huleta maambukizi. Na ukizidi, hurudi nyuma kwenye figo.

"Figo zako zimeanza kuvimba," alisema. "Umekuja kabla hazijaharibika. Mpira utakaa. Tutautoa baadaye, kisha nikufundishe upya, kama mtoto. Itachukua muda."

"Inatembea katika familia," Geresom alirudia.

"Mara nyingi, ndiyo."

"Si mzimu."

Daktari alimtazama kwa makini. "Mimi sijui mizimu, afande. Najua kwamba kibofu dhaifu si moyo dhaifu. Mtu anaweza kulowa bila kuogopa hata kidogo."

Awuor alikuwa amekwisha kuelewa. Geresom alimwona akielewa: vidonge, midomo mikavu, taarifa za fahari. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Umemfundisha mtoto wangu jambo hili."

"Ndiyo."

"Kwa mikono yako."

"Ndiyo, Mama Cliff."

Hakumtukana. Ingekuwa afadhali angemtukana. Alichukua funguo za gari, akaendesha yeye mwenyewe hadi Busiu.

*

Walifika jua likiwa bado juu ya migomba. Ua ulikuwa umejaa watu. Cliff alikuwa akipumzika chini ya ukuta wa jiko, amepakwa chachu ya ulezi toka kichwani hadi miguuni, kengele mapajani. Geresom aliitazama miguu yake. Ilikuwa miguu ileile.

"Umekunywa nini leo?" alimuuliza.

"Hakuna, Baba. Na jana kidogo sana. Mwanao nimekauka kama wale samaki wakavu anaopika Mama." Cliff alitabasamu. Macho yake yalikuwa yamedidimia.

Geresom alichuchumaa kwa shida, akafunua pindo la koti lake. Mfuko ulining'inia pajani, umejaa nusu. Cliff alitazama, akatazama pembeni, akatazama tena.

"Hivi ndivyo nilivyosimama," Geresom alisema. "Walinisifu, na hiki ndicho nilichokipata. Nilikufundisha vibaya. Kunywa maji. Nenda haja kila unapotaka kwenda, na kesho pia, kabla hawajakuita. Baada ya kupona, tutakwenda kwa daktari wewe na mimi."

"Na maji yakinitoka pale mbele yao?"

"Yatoke."

"Baba, wataniita Khaemba!"

Norman alikuwa amesogea, firimbi shingoni. Aliuona mfuko, akasimama mbele yake ili kuuficha. "Sajini, funika hicho kitu. Watu wanakuja. Na usimlegeze kijana usiku wa kuamkia kisu. Unataka tumsimamishe tena Khaemba uani?"

Geresom alikuwa na swali lililomjia njiani, alipowaza juu ya miguu ile ya msalani. Alikwenda kwa mama yake. Kukhu alikuwa amekaa mlangoni, kipofu wa jicho moja, kata ya maji tayari magotini mwake. Siku ile ya Khaemba yeye alikuwa msichana mdogo wa boma la jirani. Alikuwepo.

"Mama, siku ile Khaemba alikuwa amevaa kengele?"

"Zamani hawakuzivua. Walizivua baada ya firimbi. Ninyi wa leo ndio mnazivua mapema."

"Zililia?"

Ngoma moja ilijaribiwa nyuma ya nyumba, ikaachwa.

"Maji yalipotoka," Geresom alisema, "mlisikia nini?"

"Tulisikia maji." Kikongwe aliinua uso. "Tulisikia maji tu. Uani palikuwa kimya, mwanangu. Mtu akitetemeka na kengele zile, zinalia mpaka barabarani. Hata akivuta pumzi vibaya zinalia." Kata ikamponyoka, maji yakamwagikia gauni lake. "Hazikulia. Hazikulia kabisa. Na hakuna aliyelisema hilo. Hata mimi sikulisema."

Alilia kwa muda mrefu, bila sauti, kwa jicho lile moja na kwa lile lililokufa. Norman alisimama karibu, firimbi mkononi, akisikiliza.

*

Asubuhi walimleta Cliff uani. Alikuwa amekunywa maji usiku, akanywa tena alfajiri, akaenda haja nyuma ya jiko huku mama yake akilinda njia. Kabla ya kumsimamisha, msaidizi wa ngariba aliinama kumvua kengele.

"Ziache," Norman alisema.

"Mzee, siku hizi—"

"Nimesema ziache. Leo tutasikiliza kwa masikio."

Geresom alisimama mstari wa mbele. Alikuwa amevua koti. Mfuko ulionekana, na watu waliuona, na wengine walinong'ona. Aliwaacha wanong'one. Awuor alisimama karibu naye. Hakumshika mkono, lakini hakusogea mbali. Hakuwa na pamba masikioni.

Cliff aliweka fimbo nyuma ya shingo, akaishika kwa mikono miwili, akakaza macho juu ya paa la jiko. Ngariba aliingia mbio kutoka nyuma ya umati. Kisu kilifika.

Na maji yakatoka.

Hayakuwa mengi. Yalichora mstari kwenye chachu ya ulezi, yakapita gotini, yakafika kifundoni. Geresom aliijua kila inchi ya njia ile. Manung'uniko yalianza upande wa wajomba, yakazunguka ua, na mtu mmoja tayari alikuwa amefungua kinywa kulitamka jina.

"Sikilizeni!"

Ilikuwa sauti ya Kukhu. Alikuwa amesimama mlangoni bila fimbo yake. "Nyamazeni wote! Sikilizeni!"

Walinyamaza. Ngoma zilinyamaza. Kisu kilikuwa bado kazini. Ua mzima ulisikiliza, na hakuna kilichosikika isipokuwa jogoo wa mbali na gari lililopita kuelekea Tororo. Kengele za Cliff zilining'inia mapajani mwake bila kutoa hata mlio mmoja. Macho yake hayakupepesa. Ukimya uliendelea mpaka kila mtu akaelewa anachokisikia, na wazee waliokuwa watoto siku ile ya Khaemba wakaanza, mmoja baada ya mwingine, kuinamisha vichwa.

Norman alipuliza firimbi.

Vigelegele vililipuka. Awuor alikuwa wa kwanza kufika, leso mkononi, akimfunika mwanawe na kuwatukana ngariba na wajomba kwa Kijaluo. Cliff alikaa kwenye kiti. Ndipo kengele zake zilipolia, kwa sababu sasa aliruhusiwa kutetemeka.

Geresom hakumfikia mara moja. Alikuwa ameona kitu ukingoni mwa migomba.

Safari hii ilikuwa zaidi ya miguu. Kijana alisimama pale mzima, fimbo nyuma ya shingo, amelowa, uso ukiwa kivulini mwa majani. Alikuwa amesimama hivyo kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyekuwa amempulizia firimbi. Geresom alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuyatazama maji. Alitazama nyayo: zilikuwa sambamba, hazikuwa zimesogea hata unyoya.

"Imekwisha," Geresom alimwambia, kwa sauti ya chini. "Firimbi imelia."

Fimbo ilishuka. Kijana aligeuka, akaingia ndani ya migomba, na alipokuwa akienda, Geresom alizisikia kengele zake, hatua kwa hatua, zikielekea upande wa barabara, mpaka zikachanganyika na ngoma na hakuweza tena kuzitofautisha.